Shajara ya mradi: kamera za Kigamboni na arifa zisizo na kichwa wala miguu

Julai, Jumamosi

Naandika haya ili nijue nimebadilisha nini na lini, maana nikiachia kichwani baada ya wiki sitakumbuka. Nyumba ni ya mama, Kigamboni, Dar es Salaam, ndani kidogo ukitoka lami. Uzio wa tofali mbele na pembeni, nyuma bado michongoma. Kuna minazi, kuna migomba karibu na bomba, kuna banda la kuku, na hilo banda ndo chanzo cha yote, kuku walibebwa usiku mara mbili na mbwa wa jirani hata kubweka hakubweka. Mdogo wangu akanunua kamera za wifi, zile za kuchomeka tu, akazifunga chini ya paa, akamwekea mama programu kwenye simu, akaondoka zake chuo.

Sasa mimi naishi Sinza, nakuja wikendi kwa pantoni au nazunguka darajani. Leo nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, na kabla sijakaa ananipa simu. "Hii kitu yenu inanipigia kengele kila mnazi ukitingishika. Nimeinyamazisha." Na kweli ameinyamazisha, yani kamera zipo, taa zinawaka, zinarekodi, na hakuna anayesikia chochote. Huyo mwizi akija leo ataondoka na kuku na video yake itakuwepo safi kabisa, tutaiangalia asubuhi.

Kwahiyo lengo la mradi si kamera zaidi. Lengo ni simu ya mama ilie usiku kwa sababu moja tu: kuna mtu ndani ya uzio ambaye hakutokea mlango wetu. Vingine vyote virekodiwe kimyakimya.

Julai, usiku huohuo

Kabla sijagusa setingi yoyote nimekaa na chai nikapitia arifa za jana moja moja, nikiandika pembeni sababu ya kila moja. Inachosha lakini ndo kazi yenyewe. Ziko zaidi ya mia kwa usiku mmoja, na sababu zikigawanywa zinajirudia: kivuli cha mgomba kikicheza ukutani (jirani ana taa kubwa na sasa ni kusi, upepo haulali), wadudu na buibui mbele ya lenzi, taa za bodaboda na bajaji zikifagia ukuta wakikata kona, paka, na kuanzia alfajiri kunguru. Kunguru hawa wa kijivu shingoni waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakasafishe taka inasemekana, na sasa wanasafisha pia betri ya simu ya mama.

Watu wamo pia, ila ni mama akienda kufunga banda, na mama jirani anayepita kuchota maji.

Kinachotokea ni kwamba hizi kamera hazijui mtu ni nini. Zinalinganisha picha ya sasa na ya muda mfupi uliopita, pikseli zikibadilika mwangaza kupita kiasi fulani inasema kuna kitu kimetembea. Kwa hesabu hiyo kivuli cha mgomba ni kitu kikubwa kuliko mwizi. Ukipunguza sensitiviti kwenye programu unapunguza vyote pamoja, mgomba na mwizi. Kuna kitufe cha "tambua binadamu tu" lakini unalipia kila mwezi kwa dola, kwa kila kamera, na picha zinaenda kuchambuliwa kwenye seva za watu huko. Hapana.

Julai, Jumapili

Leo ngazi na fagio. Naona watu wengi wanarukia AI wakati lenzi ina utando wa buibui.

Kamera yenye taa za infraredi (mwanga wa kuonea usiku ambao macho yetu karibu hayauoni) kuzunguka lenzi ni kama baa yenye taa kijijini, kila mdudu yupo, na buibui naye anajua wateja wako wapi anatandika wavu hapohapo. Halafu kuna fizikia yake: mwanga unapungua kwa mraba wa umbali. Mbu aliyepo sentimita 10 kutoka kwenye taa anapata mwanga mara 10,000 kuliko mtu aliyesimama mita 10. Ndo maana usiku mdudu anaonekana kama roketi nyeupe inakatiza picha nzima na mtu wa kwenye geti ni kivuli cha kijivu.

Nilichofanya: nimezima taa za ndani za kamera ya uani, nikafunga taa ya infraredi ya peke yake, ya volti 12, kwenye kona nyingine ya paa, mbali na kamera kama mita mbili na nusu. Wadudu wamehamia kule kwenye taa, kamera haiwaoni. Hii ni nanomita 850, ukiiangalia usiku unaona wekundu hafifu. Zipo za 940 ambazo huoni kitu ila zinaangaza karibu zaidi, na mimi sina shida mwizi akijua kuna kamera, ajue tu.

Usiku: arifa za uani zimepungua zaidi ya nusu. Bila kugusa programu hata kidogo.

Julai, wikendi iliyofuata

Mama jirani amekuja kuuliza kwa upole tu, "Hivi kamera yenu inaona mpaka bafuni kwangu?" Bafu lake ni la nje, la mabati, halina paa. Nimempa simu aangalie mwenyewe. Haikuona ndani lakini ilikuwa inaona mlango, na hiyo inatosha kumkosesha mtu raha. Nimeigeuza akiwa amesimama pale pale, akasema hapo sawa.

Na kisheria siyo jambo dogo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Ulaya walishalifikia hili, Desemba 2014 mahakama yao kuu iliamua kesi ya bwana mmoja wa Ucheki aliyekuwa na kamera nyumbani inayorekodi mpaka barabarani, wakasema ikishafika barabarani hiyo siyo tena shughuli ya ndani ya nyumba. Mimi nimechukua njia rahisi: barabara nje ya fremu, uani kwa jirani nje ya fremu. Na faida imekuja ya bure, zile taa za bajaji zimepungua sana kwa sababu kamera haitazami tena kona.

Pia nimezishusha. Mdogo wangu alizipandisha juu kabisa chini ya kenchi ili zisiibiwe, kutoka kule unaona utosi wa mtu na mabega. Nataka kutumia modeli ya kutambua vitu, yani AI ya kusoma picha, na hizo modeli zimefundishwa kwa picha nyingi zilizopigwa na watu wa kawaida wakiwa wamesimama, kwahiyo zinamjua mtu mwenye kichwa juu, miguu chini. Nimeweka kama mita 2.5. Mtu mrefu akinyoosha mkono anakaribia kuigusa, basi aiguse, uso wake nitakuwa nao.

Agosti, mwanzo

Kompyuta imepatikana Kariakoo, ile midogo ya maofisini iliyotumika, Intel kizazi cha nane, RAM GB 8. Nimeweka Debian (mfumo endeshi), Docker (ya kuendeshea programu), na juu yake Frigate. Hii ni programu huria iliyoanzishwa na Blake Blackshear, kazi yake ni kupokea video za kamera na kutambua vitu hapohapo nyumbani bila kutuma kitu nje. Wengi wanaifunga na kile kidude cha Google Coral cha USB cha kuharakisha utambuzi, mimi sijanunua, Intel za kuanzia kizazi cha sita zenye grafiki za ndani zinafanya kazi kwa OpenVINO, programu ya Intel yenyewe ya kuendeshea modeli, na kwa kamera chache inatosha kabisa.

Kamera mbili za wifi hazitoi RTSP, yani haziongei na kitu kingine zaidi ya programu yao, zimestaafu. Nimeweka za waya, kebo ya Cat6 na swichi ya PoE, umeme na picha kwenye waya mmoja. Moja ya wifi imebaki kwenye geti.

Mama ameuliza swali la kwanza la maana: italamba LUKU kiasi gani. Kompyuta inakula kama wati 15, mara saa 24 ni uniti 0.36 kwa siku, mwezi karibu uniti 11. Kamera na swichi zinaongeza kama nusu yake hivi. Amekubali kwa sharti kwamba friji la zamani la sebuleni lizimwe, friji ambalo lina chupa moja ya maji.

Jambo jingine, kamera zote ziko kwenye mtandao wao peke yao, haziruhusiwi kutoka intaneti. 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya kamera na DVR (mashine za kurekodia kamera) za watu zilizobaki na nywila za kiwandani, zikatumika kushambulia mitandao mpaka Oktoba mwaka ule tovuti kubwa zikapotea hewani kwa masaa. Wenye kamera wengi hata hawakujua. Mimi nikiwa Sinza naingia kwa WireGuard, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani, basi.

Agosti, inavyofanya kazi

Hii naiandika kwa ajili ya mdogo wangu ambaye ataniuliza. Frigate ina hatua mbili. Ya kwanza ni ileile ya zamani, kulinganisha pikseli, ila haikupigii kengele, inatumika kuchagua tu wapi pa kuangalia. Ya pili inachukua kipande kile cha picha kilichobadilika inakipa modeli, modeli inasema: mtu, 0.82 (alama ya uhakika wake, mwisho ni 1). Au mbwa, 0.61. Au hakuna kitu. Mgomba ukicheza hatua ya kwanza inaamka, ya pili inatazama inasema hamna, mnalala.

Kwa kutambua nimetumia strimu ndogo ya kamera, fremu 5 kwa sekunde, hiyo ndo wanayoshauri na hakuna haja ya zaidi, mtu hawezi kuvuka uani kwa sekunde moja. Strimu kubwa ni ya kurekodi tu.

Alama zinavyohesabika: kitu kikipata chini ya 0.5 kinatupwa. Kikipita hapo kinaanza kufuatiliwa, lakini hakihesabiki kuwa kweli mpaka alama ya kati ya fremu zake za karibuni ifike 0.7. Hapo ndo panasaidia sana, sababu kivuli kinaweza kufanana na mtu kwenye fremu moja, ila kufanana na mtu fremu nyingi mfululizo ni kazi.

Agosti, dera

Isipokuwa dera. Usiku wa pili nimepata arifa, mtu, uani, 0.76. Nikafungua picha: dera la mama limeanikwa kambani, upepo umeingia ndani limejaa, mikono imenyooka, kwa chini linacheza. Hata mimi kwa sekunde moja nilishtuka. Modeli haina kosa hapo, lile dera lilikuwa limesimama kama mtu.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni upandishe kizingiti, ile 0.7, mpaka 0.85. Nimejaribu kwa usiku mmoja nikarudisha, kwa sababu mtu wa kweli gizani karibu na michongoma anapata 0.72, 0.75, anazunguka hapohapo. Ukipandisha unaliondoa dera na unamwondoa na mwizi.

Njia nyingine ni kuziba eneo, kuiambia mtu akionekana hapa usimhesabu. Frigate inaangalia katikati ya ukingo wa chini wa lile boksi inalomchorea mtu, yani pale miguu inapokanyaga. Nikachora, nikagundua pindo la dera kwenye picha linaangukia sehemu ileile ambayo mtu aliyeko kule mbali kwenye kona ya ukuta angeweka miguu. Nikiziba pale nimempa mwizi kona yake binafsi.

Imebaki kamba. Mama: "Yani nguo zangu ndo zihame, kamera ibaki?" Tumezunguka nyumba tukitafuta, upande wa mashariki kuna jua zuri la asubuhi na hakuna kamera. Amesema kumbe huku zitakauka mapema. Kamba imehama, dera limeondoka kwenye rekodi, kizingiti kimebaki 0.7.

Agosti, mbuzi

Modeli hii imefundishwa kwa mkusanyiko unaoitwa COCO, wa 2014, wenye aina 80 za vitu. Ukipitia orodha unaona imetengenezwa na watu wa wapi. Kuna dubu, kuna pundamilia na twiga (asante), kuna ubao wa kuteleza kwenye theluji, kuna frisbi. Hakuna mbuzi. Hakuna bajaji. Kuku hayupo ila "ndege" yupo, kwahiyo kuku wa mama wote ni ndege. Mbuzi wa jirani anayepenyeza kwenye michongoma akitazama pembeni ni kondoo, akitazama mbele ni mbwa, na kuna siku alikuwa ng'ombe. Bajaji inakuwa gari au pikipiki kutegemea na upande.

Haijalishi sana. Nimebakiza mtu peke yake kwa arifa. Mbwa, paka, ndege, vyote vimetolewa kwenye kufuatiliwa kabisa, kompyuta imepumua na diski imepumua.

Kwa kunguru wa ukutani niliongeza kidogo ukubwa wa mabadiliko yanayohesabika kwenye hatua ya kwanza, inaanza na 10 ambayo ni kali, nimeweka 30 ya katikati. Kwa 50 mtu wa mbali anaanza kukosekana, nimeona kwa macho yangu mama akitembea kule bandani kana kwamba hayupo.

Septemba, majaribio na dogo

Mdogo wangu yupo likizo, nimempa kazi ya kuwa mwizi. Amefurahi kupita kiasi.

Kuruka ukuta kwa kawaida: ameonekana mara moja. Kutambaa kutoka michongomani: ameonekana, ila boksi limekuwa pana kuliko urefu. Hii ni muhimu, kuna kichujio cha uwiano wa upana kwa urefu ambacho watu wanakiweka ili mtu lazima awe mrefu kuliko upana, na kingenisaidia kuondoa makosa fulani, lakini mtu anayetambaa siyo mrefu kuliko upana. Sikiweki. Kujifunika kitenge gubigubi: ameonekana, 0.71, pembeni kabisa. Kutembea taratibu sana kama kinyonga: hapa nilikuwa na wasiwasi kwamba hatua ya kwanza haitaamka, imeamka.

Mwavuli. Amechukua mwavuli mweusi wa mama, ameufungua, ameuinamisha upande wa kamera, ametembea mpaka bandani, amefungua, ametoka na jogoo. Hakuna arifa. Mama kacheka mpaka kakaa chini. Ukiangalia video unaona mwavuli unatembea na miguu miwili. Ila sasa kwenye zile aina 80 mwavuli upo, nimeuongeza kwenye orodha ya vitu vya kufuatilia na kwa usiku unahesabika kama mtu. Rudia: mwavuli, 0.79, simu imelia. Jogoo amerudishwa bandani akiwa amekasirika.

Septemba, zoni

Nimechora zoni: geti, uani, bandani, mlango wa jikoni, na moja nyembamba juu ya ukuta. Hiyo ya ukuta ndo imenipa kazi.

Kwa sababu ya ule mtindo wa kuangalia miguu, mtu anayepita nje kwenye uchochoro, kichwa na mabega vinaonekana juu ya ukuta, ukuta unamkata, boksi linaishia pale juu ya tofali, na programu inasema miguu yake iko ukutani. Na mtu aliyekaa juu ya ukuta kweli naye miguu iko hapohapo. Tofauti yao ni ukubwa. Wa nje ni kichwa tu, wa juu ya ukuta ni mwili mzima. Kila zoni inaweza kuwa na vichujio vyake, nimeiwekea hiyo ukubwa wa chini kabisa wa boksi unaohesabika, nikimtumia dogo kama kipimo, akapita nje, akakaa juu, nikasoma namba kwenye picha, nikaweka katikati yake. Wapita njia wa swala ya alfajiri wametoweka kwenye arifa. Walikuwa wanakuja kwa mkupuo kila siku adhana ikishaisha, saa inajulikana.

Kuna kitu kingine kizuri zaidi. Kila mtu anayefuatiliwa ana orodha ya zoni alizopita, kwa mpangilio. Kwahiyo kwenye Home Assistant, programu inayotuma arifa kwenye simu, nimeandika sharti: zoni yake ya kwanza ikiwa mlango wa jikoni, huyo ni wa humu ndani, nyamaza. Ikiwa nyingine yoyote, piga. Mama anaweza kutoka saa 9 usiku kwenda kuangalia kuku bila simu yake mwenyewe kumlilia mfukoni, jambo ambalo lilikuwa linamkera kuliko mengine yote. Mwizi wa ndani ya nyumba hiyo ni mada ya kikao cha ukoo.

Kulikuwa na nesi wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown, ambaye yeye na mumewe waliomba hataza ya kamera ya nyumbani 1966, wakaipata 1969. Mara nyingi alikuwa peke yake nyumbani, anataka kujua nani yuko mlangoni. Swali moja, tundu za kuchungulia mlangoni, kamera inapanda na kushuka kwenye tundu hizo, skrini chumbani. Nimeifikiria sana hiyo wakati nachora zoni, kwa sababu kila nilipoongeza swali la pili na la tatu (na gari? na mbwa? na mtu wa nje akisimama?) arifa zilirudi.

Oktoba, sensa ya PIR

Rafiki wa kazini ameshauri nichanganye kamera na sensa ya PIR, zote mbili zikubaliane ndo ilie. Wazo zuri kwa nchi ya baridi. PIR inahisi joto la mwili, mawimbi ya mikromita 8 hadi 14 hivi, na inachotafuta ni tofauti ya joto ikikatiza mbele yake. Ngozi ya mtu ni kama nyuzi 33, 34. Kigamboni jioni ya Oktoba ukuta uliopigwa jua mchana kutwa una hilo joto lenyewe, mtu akipita mbele yake sensa inaona ukuta umepita mbele ya ukuta. Pia anayekuja akiielekea moja kwa moja inamhisi vibaya kuliko anayekatiza.

Imebaki kuwasha taa ya geti tu. Na taa ikiwaka ghafla picha nzima inabadilika, kamera inatoka kwenye usiku inaingia kwenye rangi, zamani hiyo peke yake ilikuwa arifa. Frigate ina setingi ya radi, ikiona asilimia 80 ya picha imebadilika kwa mpigo inajua ni mwanga, inajipanga upya. Inasaidia pia umeme ukikatika na kurudi, ambapo taa zote za mtaa zinawaka pamoja. Kompyuta na swichi ziko kwenye UPS (betri ya akiba), ruta pia, kwahiyo kwa katizo fupi hakuna kinachozima.

Oktoba, saa

Arifa inaandika 02:14. Mama anaisoma saa mbili na dakika kumi na nne, anasema mbona saa mbili nilikuwa naangalia taarifa ya habari na hakukuwa na mtu? Nimebadilisha kiolezo cha ujumbe, kinatoa sita kwenye saa, ikishuka chini ya sifuri kinaongeza 12, ikizidi 12 kinatoa 12, ikitoka sifuri inaandika 12, na kuongeza neno la wakati. Sasa inasomeka: "Mtu bandani, saa 8:14 usiku." Hakuna Kiingereza, hakuna asilimia, picha moja chini. Kati ya kazi zote hii ni mistari michache na ndo aliyoisifia.

Ratiba: simu yake inalia kuanzia saa 5 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Nje ya hapo arifa zinakuja kwangu kimya. Nimeweka swichi ya Ramadhani mapema, maana mwezi ule watu wanaamka daku, watoto wa jirani wanaingia kuchukua moto na sahani, na ile ratiba itakuwa kero. Ikiwashwa, sehemu ya geti na uani inanyamaza kuanzia saa 9 usiku, banda na ukuta vinabaki.

Novemba, vuli

Mvua kubwa ya kwanza imenyesha, nimekesha naangalia nikiwa Sinza. Matone mbele ya taa ya infraredi yanaonekana kama mistari, hatua ya kwanza inaamka kila sekunde, prosesa imepanda, modeli imesema hamna usiku kucha. Simu ya mama haijalia. Ile kamera ya wifi ya geti ilipotea hewani mara kadhaa, hiyo nayo itapewa waya.

Hali ilivyo sasa: wiki inaweza kupita bila simu kulia, na ikilia kuna mtu. Mara ya mwisho alikuwa kijana wa jirani amefuata mpira saa 5 na nusu usiku, mpira gani wa saa hizo sijui, mama amemwita kwa jina kutoka dirishani kabla hajafika katikati ya uani, akasema "shikamoo bibi" akiwa juu ya ukuta.

Yaliyobaki. Paka mweusi wa upande wa pili ambaye akikaa wima juu ya pipa anapata mtu 0.68, 0.69, hajawahi kufika 0.7 ila ananisogezea roho, pipa nitalihamisha. Nyuma panahitaji kamera yake, michongoma inaota na inaziba pembe, na mama hataki ikatwe mpaka mvua ziishe. Diski nimeweka irekodi siku 10 kisha ifute, nataka kupima kama inatosha. Na mdogo wangu anasema amepata wazo jipya la kuingia, linahusu turubai na beseni, Jumamosi tunajaribu.